Kifua Kikuu na Moyo wa Mgonjwa

Historia ya maradhi aghalabu huandikwa na madaktari, na madaktari huandika yale wanayoweza kuyapima: joto la mwili, uzito, vijidudu vinavyoonekana kwa hadubini, siku ya kuingia hospitali na siku ya kutoka. Hayo ni mambo ya maana, na bila ya hayo hapana tiba. Lakini mgonjwa naye ana historia yake, ambayo haikuandikwa katika kadi iliyotundikwa miguuni pa kitanda. Alihisi nini usiku wa kwanza wodini? Alimfikiria nani? Aliona aibu gani, na aibu hiyo aliipata wapi? Maswali haya ni ya utamaduni kama yalivyo ya uganga, kwa kuwa jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa wao ni sehemu ya mila zao, sawa na jinsi wanavyooa, wanavyozika na wanavyompokea mgeni.

Insha hii yakusudia kueleza habari za wagonjwa wa kifua kikuu waliolazwa hospitalini, hasa hapa Tanzania, tangu siku ambazo tiba ilikuwa hewa safi na kungoja, hadi siku hizi za vidonge. Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nchi yetu ina nafasi kubwa katika historia ya kuushinda, nafasi ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Ya pili inanihusu mimi mwenyewe, nami nitaieleza mahali pake.

Ugonjwa na Hofu Yake

Wazee wetu waliujua ugonjwa huu kwa dalili zake: kikohozi kisichokoma, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda hata mbavu zikahesabika, na mwisho damu katika makohozi. Kilichofichika kwao kilikuwa chanzo. Wako waliosema mtu amelogwa, wako waliosema ni laana, na wako waliosema ni ugonjwa wa ukoo. Dhana hii ya ukoo haikutoka hewani. Watu waliona kwamba katika nyumba moja anakufa baba, kisha mtoto, kisha shangazi aliyekuwa akiwauguza. Hawakujua kwamba watu wa nyumba moja huvuta hewa moja, na kwamba anayekohoa hurusha vijidudu katika hewa hiyo. Wakahukumu kwamba damu ya nyumba ile imeharibika. Matokeo yake yalikuwa mazito: posa zilivunjwa, na binti mwenye afya kamili aliweza kukaa bila kuolewa kwa sababu mjomba wake alikufa akikohoa.

Ndiyo maana maradhi yalifichwa. Methali yetu yasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu akiifundisha methali hii darasani aghalabu humlaumu anayeficha. Lakini tujiulize, kwa nini watu walificha hata pakahitajika methali ya kuwakanya? Mtu haufichi ugonjwa wake bure. Huuficha kwa sababu amekwisha kuona waliotangulia kuudhihirisha walitendewa nini.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kuanzia siku hiyo ilijulikana kwamba ugonjwa huu si wa damu ya ukoo wala si wa uchawi. Ila kujua chanzo ni jambo moja, na kupata dawa ni jambo la pili. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa kwa maelfu wakamiminika Berlin, wengine wakiwa hawawezi hata kusimama. Haikupita miezi mingi ikabainika kwamba dawa ile haiponyi. Hapo tunaona hisia ya kwanza ambayo itaufuata ugonjwa huu miaka yote: tumaini linalowashwa ghafula, kisha likazimwa.

Koch huyo huyo alifika katika nchi zetu. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale. Alitumia dawa iliyoitwa atoksili, na ilipozidishwa kipimo wako wagonjwa waliopofuka. Serikali ya Kijerumani ikafungua kambi za wagonjwa wa malale kando ya maziwa yetu, na wengi wakazitoroka. Nataja habari hii, ingawa si ya kifua kikuu, ili msomaji aelewe hali ya moyo wa Mwafrika wa zama zile alipoambiwa kwamba ugonjwa wake wahitaji kutengwa. Kwake kutengwa kulifanana na kukamatwa. Mtu alichukuliwa kwao na wenye mamlaka, akapelekwa mahali asipopajua, akatiwa mwilini kitu asichoelezwa, na pengine asirudi. Hofu hiyo haikwisha ukoloni ulipobadilisha bendera.

Hewa ya Mlimani

Kwa kuwa hapakuwa na dawa, waganga wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba hewa ya milimani, chakula kizuri na kupumzika vitausaidia mwili ujipiganie wenyewe. Zikajengwa hospitali maalumu juu ya milima, mfano zile za Davos katika Uswisi. Wagonjwa walilazwa kwa miezi, wengine kwa miaka, vitanda vyao vikitolewa barazani hata wakati wa theluji. Waliokaa huko walieleza namna wakati unavyopoteza maana: wiki hufanana na wiki, habari za dunia huwa kama habari za nchi ya mbali, na mgonjwa huanza kuogopa kurudi nyumbani kama alivyoogopa kuja.

Mawazo hayo ndiyo yaliyoleta hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa magharibi, mahali ambapo leo ni wilaya ya Siha. Palichaguliwa kwa sababu ya baridi na hewa yake. Tufikiri hali ya mgonjwa aliyetoka pwani au katika nyika za joto akapelekwa huko. Aliiacha lugha ya kwao, chakula cha kwao na jua la kwao. Usiku alilala madirisha wazi, blanketi likiwa halitoshi, akisikiliza kikohozi cha watu asiowafahamu. Asubuhi aliuona mlima wenye theluji, na akajua yuko mbali kiasi gani na nyumbani. Hapana shaka Kiswahili kiliwafaa sana watu wa namna hiyo, maana mtu wa kabila moja asingeweza kumwambia mwenzake wa kabila jingine maumivu yake kwa lugha ya mama yake.

Tukumbuke pia kwamba mgonjwa wa siku zile alikuwa na haki ya kuogopa. Kabla ya kupatikana dawa, karibu nusu ya wagonjwa waliokuwa wakitema vijidudu walikufa katika miaka mitano. Aliyelala wodini aliweza kutazama kitanda cha kulia na cha kushoto akajua kwamba hesabu hiyo inamhusu. Kitanda kilipokutwa kitupu alfajiri, godoro limekunjwa, hakuna aliyehitaji kuuliza. Watu waliendelea kunywa uji kimya.

Dawa Zinapatikana

Mwaka 1943 katika chuo cha Rutgers, Marekani, kijana Albert Schatz, akifanya kazi chini ya Selman Waksman, aliipata streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kukiua kijidudu hiki ndani ya mwili wa mtu. Mwaka 1952 ikafuata isoniazidi. Habari zilizotoka katika hospitali ya Sea View, New York, zilisimulia wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa wakirudiwa na hamu ya chakula, wakicheza na kushangilia wodini. Furaha hiyo mtu hawezi kuifahamu mpaka ajue ule ukimya wa uji nilioutaja.

Lakini kijidudu ni kijanja. Kikipigwa kwa dawa moja tu hujifunza kuistahimili. Ikabidi dawa zitumiwe mbili au tatu kwa pamoja, na kwa muda mrefu, mwaka mzima na zaidi. Hapo likazuka tatizo jipya, ambalo chanzo chake kilikuwa katika tabia ya wanadamu. Mgonjwa hupata nafuu katika wiki chache: homa huondoka, nguvu hurudi, kikohozi hupungua. Anaona amepona. Huku shamba linamngoja, watoto wanalia njaa, na zahanati iko mwendo wa saa nne kwa miguu. Anaacha dawa. Baada ya miezi ugonjwa unarudi, safari hii ukiwa mkaidi.

Huko Madras, India, uchunguzi ulioanza mwaka 1956 na kutangazwa mwaka 1959 ulilinganisha wagonjwa waliolazwa katika hospitali nzuri na wengine waliotibiwa nyumbani kwao katika umaskini wao. Wa nyumbani walipona karibu sawasawa na wale wa hospitali, na jamaa zao hawakuambukizwa zaidi. Matokeo haya yalivunja hoja ya kumtenga mtu kwa miaka. Kitanda, hewa ya mlimani na mapumziko havikuwa siri ya kupona. Siri ilikuwa kuzitumia dawa bila kukatiza. Basi ikawa swali la kila nchi maskini: nani atamsaidia mgonjwa asikatize?

Miezi Miwili

Jibu moja kubwa lilitoka Tanzania. Mwaka 1977 serikali yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa msaada wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu. Mshauri wake alikuwa Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Huyu katika Vita Kuu ya Pili alifungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen, na huko aliugua kifua kikuu mwenyewe. Mtu aliyeujua ugonjwa kwa mapafu yake ndiye aliyekuja kukaa na waganga wetu wa mikoa na wilaya kupanga namna ya kuuondoa.

Mpango wenyewe ulikuwa wa akili na wa kujitegemea. Haukudai hospitali mpya za fahari. Ulitumia hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo. Kila wilaya iliwekewa mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Makohozi yalipimwa kwa hadubini, jina la mgonjwa likaandikwa katika daftari, na maendeleo yake yakafuatwa mpaka mwisho. Dawa mpya zenye nguvu zilipoongezwa, hasa rifampisini na pirazinamidi, matibabu yalifupishwa kutoka mwaka mmoja hadi miezi minane. Katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa alilazwa, akachomwa sindano ya streptomisini kila siku na kumeza vidonge mbele ya mwuguzi. Kisha alirudi kwao na kuendelea na vidonge kwa miezi sita. Utaratibu huo ulipofaulu hapa, ulipelekwa Malawi, Msumbiji na nchi nyingine, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaujenga juu yake mpango lililouhimiza kwa ulimwengu mzima. Vijana wetu hufundishwa mengi yaliyotoka ng'ambo yakaja kwetu. Hili lilikomaa kwetu likaenda ng'ambo.

Sasa tuingie wodini, tuitazame hiyo miezi miwili kwa macho ya aliyelala.

Kwanza ni hofu. Mgonjwa ameambiwa kwamba anachokitema ni hatari. Amepewa kikopo chenye kifuniko, ameelekezwa kufunika mdomo, ameonyeshwa kitanda karibu na dirisha. Kila agizo ni la haki na la lazima. Lakini moyoni mwake maagizo hayo hukusanyika yakawa neno moja: wewe ni sumu. Mama aliyezoea kumpulizia mtoto uji upoe hujiuliza ni mara ngapi alimpulizia mauti. Mawazo haya humtesa mgonjwa kuliko kikohozi, na hakuna sindano yake.

Pili ni mashaka juu ya dawa zenyewe. Rifampisini hubadilisha rangi ya mkojo ukawa mwekundu. Asiyeambiwa mapema hudhani anatokwa na damu upya. Streptomisini huweza kuleta kizunguzungu na mlio masikioni. Mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya kifua huona sasa miguu yake inapepesuka, akashuku kwamba anamalizwa polepole. Kuna tofauti kubwa kati ya mwuguzi anayesema, "Meza," na yule anayesema, "Kesho utaona mkojo umebadilika rangi, usiogope, ni dawa inafanya kazi." Maneno machache tu, lakini humwokoa mtu na usiku mzima wa hofu.

Tatu ni mashaka juu ya nyumba. Mkulima aliyelazwa mvua zinapoanza hulala akisikiliza mvua hiyo juu ya bati. Kila siku ya mvua ni siku ya kupanda iliyopotea. Mwanamke hujiuliza kama mumewe ataoa mwingine. Kibarua hujua kwamba nafasi yake imekwisha kujazwa. Madaftari yetu yaliwaita walioondoka kabla ya wakati "watoro", neno linalotumiwa kwa mwanafunzi mkaidi na, zamani, kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Wengi wa watoro hao walikimbilia jembe.

Nne ni upweke, nao kwetu una uchungu wa pekee. Katika mila zetu mgonjwa ni mtu wa kuzungukwa. Majirani huja kumjulia hali, huketi wasiseme lolote, huleta mayai mawili au ndizi, husema pole na kuondoka. Hospitalini ndugu ndio waletao chakula, kufua nguo na kulala chini ya kitanda. Desturi hiyo ni dawa pia, ijapokuwa haipimwi. Katika wodi ya kifua desturi ilifika mlangoni ikasimama. Wodi nyingine zilijaa jamaa saa za kutazama wagonjwa, hii ikawa na watu wachache, nao walisimama mbali.

Lakini tusisahau la tano, yaani tumaini na udugu wa wenyewe kwa wenyewe. Aliyekuwa na wiki ya sita alimweleza wa wiki ya kwanza habari za mkojo mwekundu kabla mwuguzi hajafika. Mwenye nguvu alimchotea maji asiyeweza kusimama. Walicheza bao chini ya mti, walisomeana barua. Hamu ya kula iliporudi walitaniana kwamba dawa hii yafaa wapewe matajiri, maana huleta njaa asiyoiweza maskini. Na siku ya kupima makohozi mwishoni mwa mwezi wa pili ilikuwa kama siku ya matokeo ya mtihani. Aliyeambiwa, "Hatuoni kitu," aliagwa na wodi nzima. Aliyeambiwa asubiri kwanza, aligeukia ukuta, na wenzake walijua wamwache mpaka jioni.

Mkono wa Mjomba

Hapa ndipo mahali pa sababu yangu ya pili. Mwaka 1982, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kaka wa mama yangu, fundi seremala, alilazwa katika hospitali ya wilaya kwa kifua kikuu. Kazi ya kumpelekea chakula nilipewa mimi. Nyumbani niliagizwa niweke bakuli kwenye kizingiti cha dirisha, nisisogee, nisivute pumzi sana, na nisishikane mkono na mtu yeyote.

Siku ya kwanza mjomba alisimama upande wa pili wa dirisha, amekonda, shati likining'inia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanyoosha mkono kupitia dirishani. Mjomba huyo ndiye aliyenichongea gari la mti. Niliweka bakuli nikarudi nyuma hatua mbili. Yeye akautazama mkono wake, akaurudisha taratibu, kisha akaniuliza habari za shule kana kwamba hapakutokea jambo. Nilijibu nikiwa nimeangalia chini. Tangu siku hiyo hadi alipotoka hakunyoosha mkono tena.

Alipona. Baada ya miezi minane aliandikwa kuwa amepona, akarudi kwenye randa na msumeno wake. Nyumbani kikombe chake kiliendelea kutundikwa kwenye msumari wa peke yake muda mrefu baada ya hapo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, walikuwa watu waliompenda na kumwogopa kwa wakati mmoja. Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mtu mzima mwenye kazi serikalini, nilimtaka radhi kwa siku ile. Alicheka, akasema, "Sindano sitini nimezisahau." Hakusema amesahau nini kingine, wala sikumwuliza.

Leo najua kile ambacho sisi sote pale nyumbani hatukukijua. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kushikana mikono, wala kwa kikombe, sahani au nguo. Huenezwa kwa hewa, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, hasa katika chumba kilichofungwa. Na mgonjwa aliyeanza dawa sawasawa, kama dawa hizo zinamfaa, hupunguza sana kuambukiza wengine katika wiki chache za mwanzo. Dirisha lile lililokuwa wazi lilikuwa kinga ya kutosha. Hatua mbili nilizorudi nyuma hazikumkinga mtu yeyote na ugonjwa wowote.

Kampeni kama ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima karibu milioni mbili kusikiliza redio na kujadiliana katika vikundi, ilikwisha kuonyesha kwamba wananchi wanaweza kujifunza elimu ya afya na kuitumia. Basi tatizo letu halikuwa ugumu wa kufundishika. Tulijua kwamba ugonjwa huambukiza. Hatukufundishwa kwa bidii ile ile namna usivyoambukiza, na nusu ya elimu ilitufanya wakatili.

Aibu Mpya na Dawa Mpya

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa hapa nchini, mkoani Kagera. Kwa kuwa virusi vya UKIMWI hudhoofisha kinga ya mwili, kifua kikuu kilipata mlango wazi, na idadi ya wagonjwa ikapanda miaka iliyofuata. Thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumiwa sana Afrika ya Mashariki, ilionekana kuwababua vibaya ngozi wagonjwa wenye virusi hivyo, ikabidi iachwe. Kwa moyo wa mgonjwa hii ilikuwa aibu juu ya aibu. Zamani aliyekohoa alidhaniwa amelogwa. Sasa alidhaniwa ana UKIMWI, hata kabla ya kupimwa, na minong'ono ilimtangulia kufika nyumbani.

Kisha vikaja vijidudu sugu, visivyosikia dawa za kawaida. Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo kutoka pembe zote za nchi. Matibabu yalichukua miezi ishirini au zaidi, pamoja na sindano za miezi kadhaa zilizoweza kumwondolea mtu uwezo wa kusikia. Hivyo hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa hewa ya mlimani ilirudi kuwa nyumba ya watu walio mbali na kwao kwa muda mrefu. Mgonjwa alitakiwa kuchagua, kwa kweli, kati ya masikio na maisha yake. Tushukuru kwamba elimu haikusimama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge pekee, bila sindano, kwa miezi sita kwa wengi wa wagonjwa hao.

Kwa kifua kikuu cha kawaida nako mambo yamebadilika. Ile miezi miwili ya wodini si desturi tena. Mgonjwa humeza dawa nyumbani kwake akisimamiwa na ndugu au rafiki aliyemchagua mwenyewe, au huzimeza katika kituo cha afya kilicho karibu. Na wako waliopona ambao wamejiunga kuwasaidia wengine, mfano chama cha MUKIKUTE cha Temeke, Dar es Salaam, kilichoanzishwa na watu waliowahi kuugua. Hao huenda nyumba kwa nyumba, nao wanao ujuzi usiopatikana vyuoni: wanajua mkojo mwekundu unavyotisha.

Mafunzo

Mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu, na milioni 1.25 walikufa, ingawa dawa zipo. Ugonjwa huu basi haujawa historia. Mwalimu anayesoma kurasa hizi huenda anaye mwanafunzi ambaye baba yake anakohoa nyumbani na amekatazwa kusema.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba hofu ya mgonjwa ina sababu zake, na sababu hizo nyingi ziko kwetu sisi tunaomzunguka. Tunajifunza kwamba mpango uliofaulu ni ule uliomfuata mgonjwa kwa jina lake mpaka siku ya kupona, wala haukumwacha na dawa mkononi. Na tunajifunza kwamba desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa haipingani na elimu ya afya. Dirisha likifunguliwa, kikohozi kikifunikwa, na dawa zikamezwa, yawezekana kuketi karibu na mgonjwa na kumpa pole kama walivyofanya wazee wetu.

Nawaomba walimu wanapofundisha habari za kifua kikuu, baada ya kueleza dalili na kinga, waeleze pia kwamba anayetibiwa anaweza kupewa mkono. Ni jambo dogo, lachukua dakika moja ya kipindi. Mimi lilinichukua miaka mingi kulijua, na aliyestahili kupewa mkono huo alikwisha kuurudisha ndani ya dirisha.